Kibanda cha Kulinda Mahindi

Base Camp, mji wetu wa wakimbizi, ilikuwa inakula mashamba, basi wakubwa wakaweka sheria: ng'ambo ya barabara hakuna kujenga nyumba, ruhusa ni kibanda tu cha kulinda mahindi. Tukatii. Tukajenga vibanda mingi sana.

Siku ya ukaguzi Bwana Kanyesigye, mkaguzi wa serikali, akatoka Mbarara na vijana wa kubomoa. Akaanza na jirani yangu Mama Pascaline, mjane mwenye watoto, asiye na fasi ingine ya kulala.

"Mama, hii nyumba tunavunja."

"Nyumba gani, shefu? Ni kibanda ya kulinda mahindi."

"Iko na madirisha ya vioo!"

"Bila dirisha nitaona nyani namna gani?"

"Na pazia?"

"Ili nyani wasinione."

Vijana wakacheka. Kanyesigye akajikaza. "Sawa. Lakini mahindi ikivunwa, kibanda inavunjwa. Ni mwezi ujao."

Mama Pascaline akaangalia watoto wake, kisha akauliza polepole: "Shefu, na migomba inavunwa mwezi gani?"

Kanyesigye ni mtu wa Isingiro, amekulia kwenye matoke, zile ndizi za kupika. Anajua ukikata mgomba mmoja, mwingine umeshasimama pembeni, mwaka mzima. Akamtazama yule mama, mwishowe akacheka kwa sauti.

"Hiyo haina mwisho. Panda leo. Nikirudi niione."

Jioni hiyo mtaa mzima ulikuwa unachimba mashimo ya migomba. Mji bado unakua, ila sasa una kivuli.