Ringi ya Machimboni

Kama dawa za tumbo zingekuwa zinanenepesha, mume wangu angepita mlangoni kwa ubavu. Amemeza za vidonda, za minyoo, hata za presha, na bado mlango ukibamizwa anajitupa chini. Nesi wa zahanati yetu ndiye aliyeniambia, "Dada, huyu haumwi tumbo. Anaumwa ile siku."

Ile siku naijua. Kazi ya mume wangu machimboni ilikuwa kugonga ringi kuukuu ya gurudumu la lori, iliyotundikwa kama kengele. Akigonga, watu wanatoka shimoni, ndipo baruti inawashwa. Siku hiyo aligonga vizuri kabisa, ila kaka yangu akarudi ndani kufuata koti lake, na mume wangu hakumwona. Machimbo yalipofungwa, wamiliki wake wakaipa zahanati zawadi, eti wema: ringi ileile, ya kuitia wagonjwa.

Leo alikuja daktari wa mambo hayo kutoka mjini, ambaye akiondoka hujui atarudi lini. Nilimbembeleza mume wangu tangu asubuhi.

"Mimi si kichaa, mama watoto."

"Kichaa ni mimi niliyekubali kuolewa na wewe. Vaa viatu."

Akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini, nikajipa moyo.

Nesi alikubali kuita wagonjwa kwa mdomo. Mimi simwamini mtu, nikaichukua na nondo ya kugongea ringi, nikaificha kikapuni. Nilijiona mjanja sana.

Tukaingia. Daktari hakuwa na haraka. Mume wangu alizungusha kofia mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike kaka akafungua mdomo juu ya jambo hilo: "Siku ile niligonga..."

Nje watu walikuwa wamejazana barazani wakilalamika kwamba hawasikii zamu zao. Mlinzi, mtu mwema asiye na habari, akaitafuta nondo asiione. Akaokota jiwe.

Ringi ililia. Mume wangu alikuwa tayari chini ya meza, mikono kichwani, akipiga kelele: "Shemeji, toka! Toka!"

Nikafanya ninachofanya nyumbani. Nilipiga magoti, nikaikaza sauti iwe nzito kama ya kaka. "Nimeshatoka, shemeji. Niko hapa."

Siku zote hutulia. Leo aliinua uso, akanitazama sawasawa.

"Usinidanganye, mama watoto. Hajatoka."

Daktari alimsubiri aendelee mpaka dereva wake akapiga honi. "Tutajaribu nikirudi," aliniambia. Nikamuuliza lini. Akafunga mkoba.

Kaka yangu nilimlilia, nikamaliza. Huyu aliye hai sijui nimlilie vipi. Nilimshika mkono, tukatoka, na pale barazani nikamrudishia mlinzi nondo yake. Foleni ilikuwa bado ndefu.