Salamu za Mita Thelathini na Moja

Watu wananiita Bi Haraka na sijawahi kulikataa jina hilo. Nikibandika chai nasimama hapo hapo kuisubiri ichemke. Nikiagiza kitambaa napiga simu kuuliza kimefika wapi wakati hata gari halijapakiwa. Sasa mtu wa aina hiyo, jamani, ndiye aliyepewa kijikaratasi na dereva wa lori Ijumaa jioni, kimeandikwa: Jumamosi hii, saa kumi na moja jioni, mawimbi mafupi, mita thelathini na moja. Utulivu wangu, kama niliwahi kuwa nao, uliishia pale.

Kijikaratasi kilitoka kwa mdogo wangu wa kiume. Ni mpishi kwenye kambi ya machimbo, mbali huko, ambako simu ni moja, iko ofisini, na ofisi si ya wapishi. Miaka mitatu tumekuwa tukipata habari zake midomoni mwa madereva: mzima, kanenepa, anawasalimu wote. Safari hii dereva akaeleza kwamba watu wa redio walifika kambini na vinasa sauti vyao, wakampa kila mfanyakazi dakika moja awasalimu watu wa kwao. Salamu zingerushwa mara moja tu.

"Ikipita imepita," dereva akasema, akapanda lori lake.

Na niseme ukweli mapema, maana sipendi kuzungushana. Mama alitaka kuisikia sauti ya mwanawe. Mimi nilitaka kusikia jambo moja: kama atanitaja.

Tuligombana vibaya. Mimi ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yangu. Mdogo wangu nilimfundisha mwenyewe, toka kushika mkasi mpaka kukata kola. Mwaka ule shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku mbili, nina sare mia mbili zimekatwa hazijashonwa, mara namwona anatokea na begi begani, eti kapata kazi ya upishi na gari linamsubiri. Nilipandwa na hasira mpaka nikasikia masikio yanawaka. Nikamwambia mbele ya mama na mbele ya wateja, "Ukivuka hicho kizingiti, mimi si dada yako tena. Usinihesabu." Akaniangalia, akavuka. Sare nilizimaliza. Yale maneno ndiyo yamenikaa kooni mpaka leo, na kila dereva akija namuuliza kasemaje, naye ananijibu, "Anawasalimu wote." Wote! Wote ni kina nani?

Redio tuliyokuwa nayo ilikuwa ya stesheni za mjini tu. Vifungo, mwanamke anayenisaidia kutia vifungo na kupinda mapindo, akasema tutafute kwenye simu yake. Tukatafuta mpaka chaji ikaisha. Stesheni ile kwenye simu haikuwepo.

Basi Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Fundi Redio kabla hajatoa kufuli. Ni mtu wa makamo, miwani yake inakaa kwenye paji la uso kuliko machoni, na duka lake limejaa matumbo ya redio za watu. Rafu moja ndiyo ya redio mpya.

"Nataka redio ya mawimbi mafupi," nikamwambia. "Ndogo, ya kubebeka, isinifilisi, na naitaka sasa hivi."

"Karibu kiti kwanza, fundi mwenzangu."

"Sikai."

"Redio ya mawimbi mafupi hainunuliwi mguu mmoja ukiwa nje," akasema, na hakuwa na haraka hata chembe, akanikera. Akateremsha mbili. Ya kwanza nyekundu, ina tochi, ina taa zinazozunguka, ina mahali pa kadi, na ubavuni imeandikwa bendi kumi na mbili. Ya pili kijivu, haina hili wala lile: antena, kinobu cha kutafutia stesheni, na dirisha la namba. Bei karibu sawa.

"Chukua ya kijivu," akasema. "Kwenye mawimbi mafupi stesheni zimebanana. Kinobu cha hii kinakwenda polepole, kinatua pale unapotaka. Na antena yake ndefu. Nyekundu pesa yake imekwenda kwenye taa."

Akatoka nayo barazani, akavuta antena, akazungusha. Mtu akasikika anasoma habari kwa lugha nisiyoijua, safi kabisa. Nikalipa, nikaondoka karibu nikimbie.

Nyumbani ilikuwa msimu wa sare tena. Vyerehani vyangu vitatu, vile vyeusi vya zamani nilivyovifunga mota za umeme, vilikuwa vinaunguruma tangu alfajiri, na mafundi wangu hawakuinua hata kichwa. Nikaiweka redio juu ya meza ya kukatia, nikavuta antena, nikawasha mawimbi mafupi. Krrrrrr! Nikazungusha huku. Krrrrrr! Nikazungusha kule. Krrrrrr, mwanzo wa dirisha hadi mwisho.

Mama akatoka chumbani kwake nyuma, anajifunga kanga. "Ndiyo sauti yake hiyo?"

"Mama, usinitanie saa hizi."

"Sitanii. Ukiwa mdogo ulikuwa unalia hivyo hivyo."

Vifungo akacheka mpaka sindano ikamchoma. Mimi nilikuwa na redio kwapani tayari, naelekea mlangoni.

Fundi Redio aliipokea, akaiwasha barazani kwake, ikaimba. Akaniangalia kwa juu ya miwani iliyoshuka kidogo. Nikamwambia asinifanye mtoto, kule kwangu inakoroma tu, anipe ile nyekundu. Akasema nyekundu si nzuri. Nikasema nzuri ni ile ninayoitaka mimi. Akanyanyua mikono kama mtu aliyeshikwa na askari, akanipa.

Saa sita na nusu nyekundu ilikuwa juu ya meza yangu inawaka taa zake zote, na inanguruma kuliko mwenzake. Nikaipeleka dirishani. Nikaipandisha juu ya kabati la vitambaa. Nikapanda mimi mwenyewe juu ya stuli na kuinyoosha hadi kwenye bati, nimesimama kwa vidole, hadi mteja aliyekuja kuchukua suruali akaniuliza kama natafuta panya. Mungu ananiona, nilikuwa karibu kulia. Nilifikiri: kumbe ndivyo itakavyokuwa. Atanitaja, au hatanitaja, na mimi nitakuwa nasikiliza krrrr.

"Shuka ule," mama akasema.

"Sina njaa."

"Hujala toka jana."

"Nitakula saa kumi na mbili."

Nilirudi dukani saa nane na dakika chache. Safari hii Fundi Redio alikuwa na wateja wawili, na mimi sikungoja zamu. Nilimwambia mbele yao kwamba anauza makopo, kwamba ameniuzia makopo mawili kwa siku moja, na kwamba mtu mwenye haya angefunga duka. Wale wateja wakaanza kurudisha vitu walivyoshika. Fundi Redio akavua miwani kabisa, akaifuta kwa shati, akaivaa, safari hii machoni.

"Sikia, fundi mwenzangu. Maneno umenitukana ya kutosha. Sasa nafunga duka kweli, na tunakwenda wote kwako. Kama redio zangu ni makopo nitazila. Lakini wateja wa saa nne asubuhi wana simu zao hapa, niwamalizie kwanza."

Akawamalizia. Nilisubiri, nikakaa, nikasimama, nikatoka barazani, nikarudi. Mtu akafungua simu skrubu moja moja kama anapembua mchele. Mpaka anafunga kufuli ilikuwa saa kumi na robo, na nilitangulia hatua ishirini mbele yake njia nzima huku nikimgeukia.

Aliingia karakana, redio moja kila mkono, akasimama katikati. Hakuwasha kitu. Alisikiliza vile vyerehani vitatu vikienda, akainama akatazama mota ya kwanza, akaona zile cheche za buluu zinazorukaruka ndani, ambazo mimi nimeziona miaka yote nikadhani ni uzima wa mashine.

"Zimeni hizo mashine," akasema.

"Tuna sare mia—"

"Zimeni."

Zikazimwa. Kulikuwa kimya mpaka nikasikia maji yakichuruzika uani. Fundi Redio akaivuta antena ya ile kijivu na kuizungusha kidogo, na mwanamume akaanza kuzungumza katikati ya chumba changu, karibu nimpishe njia.

"Ni mota zako," Fundi Redio akasema. "Zinatema kelele hewani. Redio ya stesheni za mjini haijali, mawimbi mafupi yanaijali sana. Umekuwa unazipima redio zangu ndani ya mzinga wa nyuki."

Mafundi wangu, wale wale ambao toka asubuhi hawajasema neno, wakaangua kicheko. Vifungo akajifunika uso kwa kaptura ya mtoto wa shule. Nikaona aibu, na niliistahili. Nikamwambia Fundi Redio anisamehe, na kwamba kesho nitapita dukani kwake saa ya wateja niyarudie maneno hayo kwa sauti ile ile niliyomtukania.

"Hilo nitalisubiri kwa hamu," akasema.

Tukazijaribu zote mbili, maana sasa muda tulikuwa nao. Nyekundu ilishika stesheni mbili kwa pamoja, mhubiri na mpira, wanabishana. Kijivu ikatua kwenye mita thelathini na moja bila ubishi, muziki laini, kisha mtangazaji akataja saa. Zilibaki dakika kumi. Fundi Redio angeweza kurudi dukani, lakini alivuta stuli akakaa, nadhani kwa ajili ya heshima ya redio yake. Mama akaja na kiti chake, amevaa kanga nyingine, nzuri zaidi, kana kwamba mgeni anakuja. Mimi nilisimama. Nilishika ukingo wa meza ya kukatia.

Wakaanza. Mchimbaji mmoja akamsalimu mkewe. Dereva wa tingatinga akawasalimu wanawe sita, mmoja mmoja. Mlinzi akalia, akashindwa kuendelea. Halafu mtangazaji akasema sasa ni zamu ya mpishi wa kambi, anayewalisha wote hao.

"Shikamoo, mama," akasema mdogo wangu.

"Marahaba, baba," mama akajibu pale pale, kwa sauti, ameinamia redio.

Sauti yake imekuwa nzito. Lakini ni yeye; bado anavuta pumzi katikati ya neno kama mtu aliyepanda ngazi. Akasema ni mzima, kazi ni nyingi, mama asiwe na wasiwasi juu ya kifua chake, kimepona. Akamsalimu shangazi. Akamsalimu Vifungo, akasema shati alilomshonea bado analivaa na hakijadondoka hata kifungo kimoja. Vifungo akapiga kofi pajani. Akamsalimu seremala jirani. Akawasalimu mafundi wa karakana, wanaomkumbuka na wasiomkumbuka. Nikasema moyoni, haya, sasa. Sasa anakuja kwangu.

"Na yule paka wa uani," akasema, "kama bado yuko hai, mpeni kichwa cha samaki, mwambieni kimetoka kwangu." Akacheka kidogo. "Basi, wananionyesha mkono hapa, dakika yangu imekwisha. Mama, nakupenda. Kwaherini."

Akaja mwingine, fundi umeme, akianza kumsalimu baba yake.

Hakuna aliyenitazama. Mafundi wote walikuwa ghafla wanatafuta kitu chini ya meza zao. Nilisikia moyo unashuka, taratibu, na nikajua hautasimama karibu. Si kwamba alisahau. Mtu anayemkumbuka paka hajasahau. Nilimwambia asinihesabu, na amenitii.

"Umesikia?" mama akasema. Alikuwa amenigeukia, uso unang'aa machozi, na amenishika kiganja. "Amekutaja."

"Wapi, mama?"

"Pale, baada ya seremala. Amesema, na dada yangu. Halafu pakaingia mkwaruzo, ukakufunika. Mimi niko karibu na redio, nimesikia vizuri."

Ndani ya chumba kile hapakuwa na mkwaruzo. Ungeweza kusikia mate ya mtangazaji. Fundi Redio akashtuka kwenye stuli yake, miwani ikateremka, maana mtu alikuwa amegusa kazi yake.

"Mkwaruzo gani, mama? Redio hii haija—"

"Imekwaruza, Fundi," nikasema. "Hukusikia? Redio za bei rahisi ndivyo zilivyo."

Akafungua mdomo. Akaniangalia mimi, akauangalia mkono wa mama ulionishika, akauangalia tena uso wangu. Kisha akainuka, akapandisha miwani kwenye paji la uso.

"Ni kweli," akasema. "Za bei rahisi ndivyo zilivyo. Nisamehe, mama. Imekwaruza mahali pabaya."

"Si neno, mwanangu," mama akamjibu. "Mengine yote yamesikika."