Mtalii Aliyezaliwa Lapithos

Kila Jumanne Evanthia aliwahesabu watalii wake mara tatu: hotelini, kwenye kizuizi, na jioni wakati wa kurudi. Basi likishavuka Mstari uliokigawa kisiwa cha Kupro, Wagiriki kusini na Waturuki kaskazini, kuhesabu ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo. Upande wa kusini alikuwa kiongozi wa watalii mwenye leseni yake na kipaza sauti chake. Upande wa kaskazini leseni ile ilikuwa karatasi tu, na kipaza sauti alimkabidhi Kutlay, mwenzake wa upande ule, mwanamume mwenye upara na mzaha usiokwisha. Evanthia mwenyewe alikaa kiti cha mbele, kimya, kama mgeni mwingine yeyote.

Jumanne moja ya Juni, huko Larnaka, hesabu ilifika kiti cha thelathini na moja ikakatika.

Pale palikuwa na bibi aliyevaa kofia pana ya ukindu yenye utepe wa waridi, miwani myeusi, na kamera shingoni. Angeweza kuwa Mfini kama wenzake wote, isipokuwa mikono. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimepinda kwa miaka mingi ya kushona mashati kiwandani. Evanthia alikuwa amelelewa na kidole kile.

"Mama?"

"Samahani," bibi akajibu akitazama nje ya dirisha. "Mimi ni mtalii."

"Mama, basi hili linakwenda upande wa pili!"

"Najua kusoma. Imeandikwa kwenye tiketi." Kisha mama, Myrofora, akashusha miwani hadi puani. "Na wewe je? Si uliniambia basi likifika kwenye Mstari wewe hushuka, ukawangoja upande wetu ukifuma?"

Dereva alipiga honi, Evanthia akarudi kwenye kiti chake.

Tangu vizuizi vilipofunguliwa, sasa mwaka wa sita, hakuna aliyewasema wavukaji kama Myrofora. Katika mtaa wao wa wakimbizi waliofukuzwa kaskazini wakati wa vita, mtu akitaka kwenda kuona alikozaliwa, alisubiri mama huyu aingie ndani ndipo apite. "Anayeonyesha pasipoti ili aende kwao," alikuwa akisema barazani, kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya nne, "huyo amekwisha kubali kuwa mgeni." Ndiyo maana Evanthia, alipopewa safari za Jumanne, alimdanganya. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo. Lakini uongo hauishi peke yake. Hutafuta mwenzi, ukazaa.

Jumanne ya kwanza aliyofika Lapithos, kijiji cha mama yake, aliteleza kutoka kundini akapanda njia ya kwenda nyumba yao, aliyoijua kwa kusimuliwa: kinu, ngazi saba, mlango wa buluu. Hakukuta mlango. Hakukuta hata ukuta. Alikuta fleti za wageni, nyeupe, zimezunguka bwawa la kuogelea. Alirudi basini akaketi, na jioni mama yake alipomimina kahawa na kuuliza, kama alivyouliza maisha yote, "Sijui ule mlimau wetu unazaa?", Evanthia alisikia mdomo wake ukijibu: "Mtalii mmoja alipita pale, Mama. Anasema unazaa."

Januari akampelekea malimau manne, akasema Mfini mmoja ameyachuma. Aliyanunua dukani Larnaka. Mama aliyanusa, akapika supu ya yai na limau, akasema Mungu ambariki mgeni huyo.

Sasa mgeni alikuwa kiti cha thelathini na moja, na kituo cha pili cha safari kilikuwa Lapithos.

Kwenye kizuizi watalii walipanga foleni mbele ya kibanda. Kila mtu alijaziwa kikaratasi, kikagongwa muhuri. Askari aliyekuwa dirishani alikuwa mtu mzima mwenye masharubu ya mvi. Alifungua pasipoti ya Myrofora, akainua macho, akaanza kusema Kigiriki chenye lafudhi ya Pafo.

"Shangazi, hapa pameandikwa umezaliwa Lapithos. Niandike umekuja kufanya nini?"

"Andika mtalii."

"Mtalii aliyezaliwa Lapithos?"

"Wewe umezaliwa wapi, mwanangu?"

Askari aliweka kalamu chini. "Kijiji kimoja juu ya Pafo, kusini kwenu."

"Na ukienda huko, huwa unakwenda kama nani?"

Evanthia, nyuma yao, alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Askari alikitazama kikaratasi kwa muda, kisha akakigonga muhuri taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Mara ya mwisho niliipiga picha nyumba yetu," akasema. "Mwenyeji akaniuliza kama nimeipenda Kupro. Pita, shangazi. Vaa kofia, jua kali."

Kutlay alipopanda basini, Evanthia alimvuta pembeni kabla hajashika kipaza sauti.

"Leo tusisimame Lapithos. Nakuomba."

"Dada, leo tayari tunaruka kanisa moja kwa sababu ya matengenezo ya barabara. Nikiruka na kijiji nitawaonyesha nini, matairi?"

"Yule bibi wa kofia ni mama yangu."

Kutlay aligeuka, akaangalia, akapoteza mzaha wake. Alijua habari za bwawa. Ndiye aliyempa maji siku ile aliporudi basini bila rangi usoni. "Ulimwambia nyumba ipo?"

"Nilimpelekea hata malimau."

"Ah, dada." Alikuna upara. "Nitasema barabara imefungwa. Lakini umtazame kwanza. Mtu aliyevaa kofia ile ili afike mahali, wewe ndiye wa kumzuia?"

Evanthia alitazama. Mama yake alikuwa amevua miwani, ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Milima ilikuwa inasogea, na midomo yake ilikuwa ikitaja vijiji kabla ya vibao kuonekana.

"Simama," Evanthia akasema. "Simama kama kawaida."

Uwanjani Lapithos watalii walitawanyika kutafuta kivuli na vinywaji. Myrofora hakuuliza njia. Alipita kinu, akaanza kupanda, na Evanthia akamkimbilia, akamshika kiwiko kwenye ngazi ya tatu.

"Mama, ngoja. Nyumba haipo." Alikuwa ameyapanga maneno mengi mazuri tangu kwenye kizuizi, lakini yalitoka hayo tu. "Haipo tangu zamani. Nimejua tangu siku ya kwanza nilipokuja. Nilikudanganya. Mlimau pia. Yale malimau…"

"Yale malimau niliyajua."

"Uliyajua vipi?"

"Moja lilikuwa na kibandiko cha duka."

Evanthia aliketi palepale kwenye ngazi.

"Kidogo, chekundu," mama akaendelea. "Nilikibandua upesi, nikakitia motoni, usije ukakiona ukaaibika. Nikajiambia: mwanangu hajui kudanganya, na leo amejitahidi namna hii. Basi huko kuna jambo kubwa." Naye akaketi, kofia imekwenda upande. "Tangu Januari nimeivunja nyumba ile kila siku kichwani. Mara imeungua. Mara ni zizi. Nimechoka, Evanthia. Nimeona nije nione ilivyovunjika kweli, ili ivunjike mara moja tu."

"Na pasipoti? Na yale maneno yako yote barazani?"

"Ndiyo maana nikavaa kofia," mama akasema, akiivuta ishuke machoni.

Walipanda ngazi nne zilizobaki wakiwa wameshikana.

Myrofora alisimama kwenye ukingo wa bwawa muda mrefu. Watu wawili walikuwa wakiogelea. Alipima kwa hatua kutoka kwenye ngazi, kama anayepima kitambaa, akasimama, akapima tena. Hakulia. Evanthia ndiye aliyelia.

Nyuma ya chumba cha mashine ya maji, mama alikiona kichaka: machipukizi mengi, ya kijani iliyoiva, yametoka kwenye kisiki kinene kama paja. Kutlay alikuwa amewafuata kwa mbali, akazungumza na mwanamke aliyekuwa akifagia.

"Anasema mti huu wameukata mara mbili," akatafsiri. "Unarudi tu. Anasema una miiba na matunda yake machungu, hauna faida."

Myrofora alifinya jani, akalinusa, akacheka. "Mwambie kasema kweli. Marehemu mume wangu, Tofis, alipandikiza limau juu ya shina la danzi. Limau wameliondoa. Hili ni shina la chini, danzi lenyewe, lile chungwa chungu." Aliyagusa matunda yaliyokuwa bado mabichi, madogo kama ndimu. "Mwulize kama mtalii anaruhusiwa kuchuma."

Mfagiaji alilaza ufagio, akaingia ndani, akarudi na mfuko.

Yale madanzi Myrofora aliyaparuza ngozi, akayaloweka, akayabadilishia maji kwa siku tano mpaka uchungu ukalainika, kisha akayapika kwa sukari. Jumanne iliyofuata, Evanthia aliporudi kutoka kazini, aliwakuta majirani barazani, kila mmoja na kisahani chake, danzi moja la kijani na kijiko kidogo, kama wanavyokaribishwa wageni.

"Tamu hii!" alisema Despo, jirani wa nyumba ya nne, ambaye mwaka wa kwanza wa vizuizi alivuka kwa siri na Myrofora akamkaripia hadharani. "Madanzi umeyapata wapi wewe?"

Evanthia alisimama na mkoba wake. Mama alimtazama, kisha akageukia watu, na sauti ikawa ileile ya kusikika mpaka nyumba ya nne.

"Nyumbani kwangu. Nilikwenda. Nilionyesha pasipoti, wakanigongea muhuri. Nyumba wameivunja, Despo. Kuna bwawa. Watu wanaogelea jikoni kwangu."

Despo alimeza, akafuta mdomo polepole.

"Na nilikukaripia bure," mama akaongeza, chini kidogo.

"Bure kabisa," Despo akasema. Akanyoosha kisahani aongezwe, akamgeukia Evanthia. "Hebu niambie, binti. Jumanne ijayo basi lako lina viti vingapi?"