Sahani ya Bakri

Tangu kaka yangu Bakri apotee, mama yetu Bimdogo hakuacha kumwekea chakula. Kila jioni alipakua sahani yake, kipande kikubwa cha samaki juu ya wali, akaifunika kwa kawa. Asubuhi kiporo tulikula sisi. Kwetu asiyekuwepo huwekewa fungu lake mpaka arudi, awe msikitini au baharini. Ila safari hii mwenye sahani hakuonekana.

Tulikuwa Kismayu, tumebanana chumba kimoja, kwa sababu kisiwani kwetu Chula, kwa vita vile, hakukaliki. Bakri alikwenda Burgao kwa mashua kuchukua nyavu zetu zilizobaki huko. Mashua ikakutwa ufukweni Darakasi, nyavu zimo, yeye hayumo. Bahari ile ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na kila mtu alielewa. Kila mtu isipokuwa mama.

Mke wa Bakri, Rawda, alikuwa mwaka wa tatu chuo cha udaktari. Nilizoea kumtania, nikimwita daktari wa mafua. Wafadhili walimlipia ada kwa masharti: afaulu kila mwaka, na akimaliza akatibu visiwani kwetu, ambako hata bandeji ni ya kutafuta. Akianguka, ufadhili unakatika na ada zote zinamgeukia deni. Mwaka ule akaanguka. Nani angefaulu? Alikuwa akifungua kitabu, machozi yanalowesha ukurasa, anakifunga.

Chuo kikamwambia kuna njia moja tu. Mwanafunzi aliyefiwa hupewa mtihani wa pili, lakini mzazi wa marehemu aje atoe ushahidi wa kifo mbele ya kamati. Nilikasirika sana. Watu wale wangedai risiti ya roho kama ingekuwepo.

Rawda alipomweleza mama, mama alisimama wima, akasema kwa lugha yetu ya visiwani:

"Mwanangu simuui mimi! Mchu hafi kwa kusemwa mbele ya kamati."

"Mama, na mimi sitaki afe," Rawda alisema. "Lakini wakinitoa chuo..."

"Wakutoe!"

Sijawahi kumchukia mama yangu, ila jioni ile nilimchukia. Nikamwambia, "Na mtoto wa jirani yetu Barke aliyekufa kwa kuharisha pale Chula, mikononi mwako? Unataka wafe wangapi ndipo Rawda asome?" Mama alichukua kawa, akafunika sahani, akalala amegeukia ukuta.

Siku ya kamati tulijua hatakuja. Tulipofika mlangoni pa chuo tukamkuta mama amevaa buibui, anatungoja. Mwenyekiti, Daktari Sharif, alimuuliza kwa upole mwanawe yuko wapi. Mama anajua Kisomali vizuri, ila nyumbani hakitumii. Hukitumia sokoni, kugombana na wauza mkaa. Siku ile alijibu kwa Kisomali, neno moja moja, kama anayetoa miba kinywani: mwanangu amekufa. Daktari Sharif akamwombea rehema. Rawda alijifunika uso, akalia kwa sauti, kwa kuwa hapo ndipo alipofiwa.

"Sasa mpeni mtihani wake," mama alisema, akainuka.

Njiani nilimshika mkono. Ulikuwa baridi, na nilimwonea huruma.

"Mama, mbona ulisema Kisomali?"

"Kwa lugha yechu siliwezi neno hilo."

"Basi itabidi Rawda akae eda. Tumuulize kadhi kama atamruhusu kutoka mchana kwenda kwenye mtihani."

Akasimama katikati ya njia, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotewa na akili.

"Eda ya nani?"

Akashika njia ya nyumbani, mimi nyuma yake.

Jioni mama alipika kama kawaida, akapakua kama kawaida. Sahani ya Bakri hakuifunika. Aliibeba mpaka alipokaa Rawda na kitabu chake, akaiweka mbele yake.

"Kula, mwanangu. Yeo usome."

Rawda aliutazama wali, akamtazama mama. "Lakini mama, hii si ya Bakri?"

"Ni yake," mama alisema, akimsogezea maji ya kunawa. "Akiya, nichampikia nyengine."