Mama Lucky Wawili

Kabla madaktari hawajampasua koo, Mama Lucky alikuja mjini, mtaa wa Ngarenaro, kuyaacha maneno yake kwenye kompyuta.

Alitoka kijiji cha Musa, magharibi ya Mlima Meru, akaketi kwenye benchi la ofisi ya uchapaji, akamweleza mchapaji, Susana, shida yake. Daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba akitoka kwenye upasuaji hatasema tena. Desemba kungekuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Lucky, kabla ya ndoa, na kwenye sendofu mama huitwa mbele amwambie neno mtoto anayeondoka. Alitaka neno hilo liandikwe sasa, angali na sauti. Mchungaji alikuwa amekubali kumsomea siku hiyo. Karatasi hakuitaka bado. Lucky alisoma kila kitu kilichoingia nyumbani, hata maandishi ya mfuko wa mbolea, na neno la mama halisomwi kabla ya siku yake.

Susana alikuwa na stashahada ya uhazili, na Kiswahili chake hakikuvumilia kokoto. Mama Lucky aliposema "mtoto yangu", vidole vyake viliandika "mwanangu". Mama hakujua kusoma, lakini aliomba asomewe, na aliposikia akamshika mkono.

"Hii ya kwako. Andika ya mimi."

Susana akaandika hivyo hivyo alivyoambiwa, kila kosa mahali pake, akiona haya kana kwamba yeye ndiye atakayesimama mbele ya wageni. Kisha akalihifadhi faili kwa jina ambalo mteja aliitwa, kama ofisi ilivyozoea. Programu ilikubali herufi nane tu, basi faili likawa MAMALUCK.

Mwenye ofisi, Elirehema, alikuwa karani wa kiwanda mpaka kiwanda kikauzwa. Kwa kiinua mgongo akanunua kompyuta moja na printa, na tangu hapo alilalamika kwamba wateja wanazeeka kwenye benchi huku Susana akitafuta faili. Ndipo Susana akatunga amri kadhaa zinazofuatana, akaziita FAGIO. Kila Ijumaa aliandika neno hilo moja, na kompyuta ikayakusanya yenyewe mafaili yote ya wiki, ikalipeleka kila moja kwenye folda ya herufi yake, halafu ikanakili folda zote kwenye disketi ya akiba. Elirehema aliwaita majirani waje kutazama. Binti amefundisha mashine kudeki, aliwaambia.

Mwanzoni FAGIO ilisimama kila ilipokuta faili jingine lenye jina hilo hilo, ikauliza kama lile la zamani lifutwe. Karibu kila mara lilikuwa barua ile ile iliyosahihishwa, na jibu lilikuwa ndiyo. Susana akachoka kuulizwa. Akaongeza alama moja kwenye amri ili isiulize tena.

Wiki ya sendofu Mama Lucky akarudi, amejifunga leso shingoni, pamoja na mdogo wake Simaloi. Susana aliwaamkia. Simaloi aliitikia kwa sauti. Mama Lucky akamjibu Susana kwa kumwekea kiganja kichwani.

Faili lilikuwepo kwenye folda ya M. Susana akalifungua. Mashati ya wanaume, daraja la kwanza. Mapazia. Suruali za watoto. Ilikuwa orodha ya mwanamke mmoja kutoka Machame, mwenye meza ya mitumba kwenye soko la Kwa Mrombo. Mwanawe wa kiume naye ni Lucky, na hakuna aliyewahi kumwita yeye jina jingine ila Mama Lucky.

Disketi ya akiba ilikuwa na mashati yale yale.

Elirehema aliinama juu ya bega la Susana, akaelewa, akawageukia wageni na kuwaambia umeme ulikatika vibaya.

"Siyo umeme, mama," Susana alimwambia Simaloi. "Wako wawili wenye jina moja, na mimi niliiambia mashine isiulize."

Mama Lucky alifungua mdomo. Ikatoka pumzi tu.

"Wewe uliyasikia," Simaloi akasema. "Yameingia kwa masikio yako. Yatoe."

Susana akaanza kuchapa, na yalikuja kwa wepesi mno. Akasoma: mwanangu mpendwa, leo unapoagana na nyumba ya baba yako. Mama Lucky akagonga meza. Susana akafuta, akajaribu kukumbuka yale mama aliyosema siku ile juu ya maziwa na ndama, akasoma tena. Meza ikagongwa. Mwishowe akaanza kukivunja Kiswahili chake kwa makusudi, akiweka "yangu" penye "wangu".

"Sasa unatuigiza," Simaloi akasema.

Susana akatoa mikono kwenye vibonye. Kulikuwa na mahali pamoja alipotoa mikono hivyo hivyo siku ile ya kwanza pia, mama alipokuwa akisema. Akayachapa maneno ya hapo, akasoma polepole: Mimi nilipigwa, nilikaa. Wewe hapana kaa.

Mama Lucky hakugonga.

Wakangoja mengine. Hayakuja. Elirehema alisema kwa upole kwamba maneno hayo, bila yale matamu ya kuyazunguka, hayawezi kusomwa mbele ya wakwe na baba wa binti. Simaloi alikubaliana naye. Mchungaji asingeyatia mdomoni, na afadhali mama asimame tu, watu waelewe.

Mama Lucky aliinyooshea kidole printa.

Karatasi ilitoka karibu nyeupe yote. Aliitazama, ingawa hakuweza kuisoma, kisha akaiweka mkononi mwa Susana na kumfunga vidole juu yake.

"Anataka usome wewe," Simaloi alisema. "Jumamosi. Baba yake Lucky atakuwa meza ya mbele."

Susana alisema kwamba si mtu wa ukoo, na watauliza yeye ni nani. Mama Lucky alimwonyesha karatasi kwa kidevu: asome sasa, mwenyewe asikie.

"Mimi nilipigwa, nilikaa," Susana akasoma. "Wewe usi—"

Kiganja cha Mama Lucky kilikuwa tayari kimeinuliwa juu ya meza.

"Wewe hapana kaa."