Mashine ya Msasa ya Afande Omara

Mashine ile niliinunua mimi. Nasema hili mapema kwa sababu hapa mtaani kwetu Kasese watu husimulia kwamba mume wangu ndiye aliyeleta wazimu ule nyumbani, nami huwaacha waamini hivyo, maana wakijua ukweli watanicheka mimi.

Omara alistaafu jeshi mwaka 2015. Alikuwa ametumikia miaka ishirini na miwili, na ndani yake miezi kumi na minane ya Somalia, ambayo mimi niliilala na simu chini ya mto. Aliporudi mzima nilijiambia basi, imetosha, sasa huyu mtu ni wangu. Haikupita miezi miwili akaanza kutembelewa na Mugume, mwenzake wa zamani wa kambini. Mugume alikuwa akiitafutia kampuni fulani walinzi wa kwenda Iraki. Alikuja kila Jumapili, akanywa chai yangu, akala ndizi zangu, kisha akamweleza mume wangu jinsi kazi ya huko ilivyo nyepesi. Mgeni wa namna hiyo unamkaribisha kwa tabasamu, na moyoni unamwombea tumbo la kuendesha.

Nikafikiri. Mwanamume aliyezoea kuamka alfajiri na kupewa amri hawezi kukaa nyumbani akiangalia kuku. Lazima apate kitu cha kumshika. Tangu kambini Omara alipenda kutengeneza viti, si vya kuuza, vya kujifurahisha tu. Kilichomshinda ni kulainisha. Alisugua msasa kwa mkono mpaka bega likamuuma, halafu akakiacha kiti na makovu yake na kusema kimeshakuwa askari. Basi nikaona dawa ya Mugume nimeipata.

Mimi kila Jumanne na Ijumaa huenda soko la Bwera kuuza chumvi ya Kabatoro. Mkabala na mahali pangu anakaa Musitafa, Mkongomani anayeuza vyombo vya mafundi. Siku moja alikuwa na mashine ya msasa ya kuweka juu ya meza, ya rangi ya bluu, ndogo hata mtoto angeweza kuibeba.

"Mama, hii iko mashini ya kweli," akaniambia. "Juu iko mukanda wa msasa, pembeni iko sahani. Mutu anaweka mbao, yenyewe inalamba."

"Imetoka wapi?"

"Inje."

"Na ikiharibika?"

"Ikiharibika unakuya, tunasalimiana."

Angalau hakunidanganya. Bei yake ilikuwa ya chini, nikailipa, nikapewa na mkanda mmoja wa akiba, pamoja na kitabu cha maelezo kwa maandishi ambayo si mimi wala Musitafa aliyeweza kuyasoma. Nikarudi nayo Kasese nimeipakata, najiona mjanja wa dunia.

Omara aliizunguka mara mbili mikono ikiwa nyuma. "Hii askari iko nyembamba," akasema. "Lakini tutaifundisha." Kesho yake kuku wangu walihamishwa banda bila taarifa, na mashine ikafungwa kwa bolti juu ya meza nzito. Kweli ilikuwa dhaifu. Ukiikandamizia ubao kwa nguvu inasimama, na mkanda ulikuwa na tabia ya kutembea pembeni mpaka uanze kujikata, ikabidi Omara ajifunze kuurudisha katikati kwa kugeuza skrubu kidogo kidogo. Aliyapenda hata matatizo yake. Mugume akija Jumapili anakuta kelele, anapiga mayowe juu ya Iraki, Omara anaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia neno. Jioni mume wangu anaingia ndani na vumbi la mbao kwenye nyusi, ananuka mvule, anacheka peke yake. Nilifurahi jamani, sitaficha. Nilifurahi kuliko siku ya harusi.

Ila kulikuwa na lile gwaride. Kila siku saa kumi na moja jioni Omara aliizima mashine, akaifungua, akatandika kitambaa na kupanga vyuma vyake kwa mstari. Kisha akapaka mafuta. Jeshini walimfundisha kwamba chuma kisicho na mafuta kitakuua, na hilo somo lilimwingia kuliko katekisimu. Alipaka bolti, akapaka meza yake, akapaka magurudumu mawili yanayozungusha mkanda. Na kwa kuwa ni mtu wa kumaliza kazi, akaupaka na mkanda wenyewe, mbele na nyuma, akamalizia na sahani ya pembeni.

Siku moja alipita Zedekiah, seremala wa Kilembe, mtu ambaye mafuriko ya mto Nyamwamba yalimchukulia karakana nzima na akaanza upya na randa moja. Omara alikuwa ameenda dukani. Zedekiah akagusa mkanda kwa kidole, akanusa kidole, akaniangalia kwa huruma.

"Mama Pretty, msasa hapana paka mafuta. Mafuta inaingia kwa mbao, halafu vanishi inakataa kushika. Asafishe tu na soli ya ndala mzee, atoe vumbi, alegeze mkanda akimaliza kazi. Basi."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Nifundishe afande kutunza chuma?" Akachukua kofia yake. "Wewe ndiye unalala naye."

Nilikusudia kumwambia jioni ileile. Nikamkuta amechutama mbele ya kitambaa chake, anapiga mluzi, anafuta kila skrubu kana kwamba ina jina. Tangu Somalia sikuwa nimemsikia akipiga mluzi. Nikasema kesho. Kesho nayo nikasema kesho.

Ndipo Gorret, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, akaja kumwomba atengeneze kiti cha kasisi mpya. Omara alifanya kazi mwezi mzima. Kiti kilikuwa kizuri, nasema ukweli, mgongo mrefu, mikono imepinda, laini kila mahali. Vanishi ndiyo ikawa na kiburi. Hapa imekauka, pale inanata, pale imejikusanya matone na kukataa mbao. Akakianika juani, akaongeza mkono wa pili na wa tatu wa vanishi. Jumapili ilipofika akakigusa kwa ncha ya kidole na kusema kiko tayari. Sikuuliza alikuwa amegusa upande gani.

Kasisi alikaa kwenye kiti kile na kanzu yake nyeupe wakati wa masomo yote mawili na matangazo, na akina mama wetu wana matangazo. Aliposimama kuhubiri, kiti kilisimama naye. Kikamshikilia kidogo, kikamwachia kwa sauti ambayo hata waliokaa nje waliisikia, na alipogeukia altare tukaona mgongoni pake madoa ya kahawia kuanzia mabegani mpaka chini. Kwaya nzima ilitoa vitambaa, ikajifanya ina mafua.

Baada ya ibada watu walimzunguka Omara uani. Hakuna aliyemkaripia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Afande, imekuwa aje?" Gorret akauliza polepole.

Omara alikuwa amesimama mguu sawa, mikono kwenye mapaja, kama anayesubiri adhabu. Akanigeukia mimi. Niliona kwamba kwa kweli hajui, na moyo ukaniuma vibaya. Neno lilikuwa moja tu, mafuta. Lakini mke hamsahihishi mumewe mbele ya wazee wa kanisa. Mambo hayo yana mlango wake na yana chumba chake. Tena juu ya chuma, kitu pekee ambacho mtu huyu anajua kwamba anakijua.

"Ni mashine," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Ni ya rahisi, niliichukua mwenyewe Bwera. Mkono wa fundi hauna kosa. Kazi kama hii inataka mashine kubwa."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Gorret akasema pole sana, Afande, vifaa vya siku hizi vinaaibisha watu. Mabega ya Omara yakashuka. Njiani alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nami nikatembea nikiona fahari juu ya uongo wangu. Nilikuwa nimepanga kumweleza tukifika nyumbani. Lakini kwa mkono ule, ungekuwa wewe ungemweleza?

Wiki tatu baadaye nilipeleka chai sebuleni nikakuta Mugume anakunja karatasi. Chini yake niliona sahihi ya mume wangu.

"Mama Pretty, kaa," Omara akaniambia. Alikuwa na uso wa furaha. "Wewe ulisema kweli siku ile. Ile ndogo inaniaibisha bure. Kampala iko ile kubwa ya chuma, ile ya mafundi. Iraki ni miaka mbili tu. Nikirudi, nanunua."

Niliweka trei chini. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja, mbele ya Mugume, bila kujali mlango wala chumba: kwamba mashine haina kosa, kwamba ni mafuta, kwamba msasa haupakwi, kwamba Zedekiah aliniambia nami nikanyamaza kwa sababu nilimwona akipiga mluzi. Nikamwambia mashine ile niliinunua ili asiende. Nikamwambia asiende.

Omara alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole ambao sikuuzoea. Kisha akanishika bega.

"Unaogopa tu nisiende kufa huko," akasema. "Naelewa. Lakini hapana tunga maneno. Kanisani ulisema ni mashine, mbele ya watu wote. Na mimi nakujua, Naome. Wewe hapana danganya kanisani."