Maswali Katika Bwawa la Nebo

Jumatatu ya mwisho ya Julai, saa mbili asubuhi, Shemasi Lonzo Pettway alifagia bwawa la ubatizo la Kanisa la Nebo, akaua buibui wawili, akaziba tundu la chini kwa kizibo cha mpira, kisha akafungua bomba. Alianza mapema kwa sababu siku hizi bwawa lilihitaji wiki nzima kujaa. Tangu jumba la kompyuta lijengwe ng'ambo ya barabara, kisima cha kanisa kilitoa maji membamba yenye mchanga. Asubuhi hiyo hakikutoa maji. Kilitoa maswali.

Yalitoka kwa sauti ya chini, moja moja, kisha kwa wingi. Hayakuwa na rangi. Vigae vya bwawa vilionekana chini yake vikitikisika kidogo, kama lami inavyotikisika wakati wa joto kali. Lonzo aliingiza mkono. Yalikuwa vuguvugu. Akautoa mkono ukiwa mkavu.

"Homa ya mtoto imefika nyuzi arobaini," lilisema moja, "nimpeleke hospitali au ningoje?"

"Nimwambieje mama kwamba nimeacha chuo?"

"Huyu ni nyoka gani?"

Lonzo alivua kofia, akampigia simu mchungaji.

Mchungaji Cleophus Rainey aliketi ukingoni akasikiliza kwa nusu saa. Kila mtu katika kaunti alijua kazi ya lile jumba. Ndani yake mna mitambo inayomjibu yeyote anayeiuliza kitu, popote alipo duniani. Mitambo hiyo hupata joto, na maji ya ardhini huipoza. Maji yalipanda, yakawa mvuke juu ya paa, yakaenda zake. Sasa ilionekana kwamba maswali yalishuka na kukaa mahali maji yalipotoka.

"Haya ni maombi," alisema mchungaji.

"Mmoja ameuliza namna ya kuondoa doa la mvinyo."

"Na wewe Lonzo, hujawahi kumsumbua Mungu kwa mambo madogo?"

Lonzo alifikiri. "Gari langu nimeliombea," akakiri.

Jambo lililowasumbua lilikuwa Bi Verdell Tisdale. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na kwa miaka arobaini alikuwa amekaanga kuku wa kila ubatizo wa Nebo bila yeye mwenyewe kuingia bwawani. Dada yake alizama katika lambo la ng'ombe walipokuwa wadogo. Mwezi Juni daktari alimwambia kwamba moyo wake hautafika Krismasi. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mchungaji, akasema yuko tayari. Wabaptisti wa Nebo hawanyunyizi. Mtu huzikwa majini mwili mzima, mpaka ncha ya pua, la sivyo hajabatizwa.

"Kanisa la mjini wana maji ya manispaa," Lonzo alimwambia. "Tena wanayapasha moto."

"Nimengoja miaka sabini na mmoja, leo nikazaliwe nyumba ya jirani? Hapana, Shemasi."

"Basi tungoje mvua."

"Wewe unaweza kungoja."

Jumanne kampuni ilimtuma Brynn Halvorsen, ofisa wake wa mambo ya majirani. Alikuja na kreti mbili za maji ya chupa, mgawo wa wiki kwa kila nyumba. Kanisa lilihesabiwa nyumba moja. Alisimama ukingoni na daftari lake.

"Haya ni mambo ya siri ya wateja wetu," alisema. "Nawaomba mfunike."

"Na maji yaliyokuwa humu ni ya nani?" aliuliza Sista Ozella Gaines, katibu wa kanisa.

"Jumba lina vibali vyote, mama."

"Sijakuuliza vibali, mwanangu."

Hapo sauti ya msichana ikapanda kutoka bwawani. "Nikiacha kazi hii, bima ya matibabu ya mama itakuwaje?" Ilikuwa sauti ya Brynn. Aliisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo niliuliza Ijumaa," alisema. Akaandika kwamba uvujaji ni mdogo.

"Tutakuombea," alisema Ozella, naye akaandika jina lake kwenye orodha ya maombi.

Alhamisi wajumbe wa kaunti walikaa kujadili ombi la kujenga jumba la pili. Kila mwananchi hupewa dakika tatu mbele ya kipaza sauti. Zamu ya Lonzo ikafika. Alifungua chupa ambayo mkewe huhifadhia matunda, aliyoijaza bwawani, akaiweka mezani. Ukumbi ukajaa. Mwanamke mmoja aliuliza kama mtoto tumboni husikia kuimbwa. Mzee mmoja aliuliza namna ya kufunga tai, kwa kuwa aliyekuwa akimfungia ndiye anayezikwa leo. Wajumbe walivua miwani. Mwenyekiti alilia wazi, mikono juu ya meza. Kisha taa nyekundu ikawaka. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha. Alimshukuru Shemasi Pettway kwa mchango wake, wakapiga kura, nne kwa moja, jumba la pili lijengwe.

Jumapili bwawa lilikuwa limejaa hadi alama. Usiku na mchana maswali yalikuwa yameingia, kutoka miji ambayo hakuna mtu wa Nebo aliyewahi kuiona, katika lugha ambazo waliokaa mbele walizielewa bila kujua kwa nini. Watu waliingia kanisani wakitembea kwa ncha za vidole, kama katika chumba chenye wagonjwa wengi. Bi Verdell alishuka ngazi akiwa na kanzu nyeupe. Maswali yalimfika kiunoni, kisha kifuani.

"Unaogopa?" mchungaji alimnong'oneza.

"Yangekuwa maji ningeogopa. Hawa ni watu tu."

Mchungaji alimshika mgongo, akamlaza, akamfunika mwili mzima. Papo hapo sauti zote zikanyamaza. Kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini hakuna aliyeuliza chochote, popote duniani. Kanisa zima lilisimama bila kuambiwa. Wazee walisema baadaye kwamba hawakuwahi kuwa karibu vile na kitu kikubwa vile, na hawakutaka kikome.

Kisha akainuliwa, na maswali yakaendelea.

Alikuwa mkavu. Hata nywele zake, alizotengeneza Jumamosi, zilikuwa vilevile.

"Ningejua," alisema Ozella, "ningengoja nami nibatizwe hivi. Mimi walinilowesha kama paka." Akafungua rejista, akaandika jina na tarehe.

Mchungaji alimketisha Bi Verdell kwenye benchi la mbele. "Umesikia nini huko chini?"

"Wote," alisema. "Kila mmoja ana neno lake. Lakini ukikaa nao kidogo unasikia kwamba mwisho wa kila swali wanauliza kama kuna mtu."

"Ukawajibu?"

"Nilisema nipo. Nilikuwa na pumzi ya hilo tu."

Kisha aliomba maji ya kunywa. Chupa zilikuwa zimekwisha tangu Ijumaa, na nyingine zilitarajiwa Jumanne. Lonzo alitoka akatafuta garini, akarudi na pichi moja. Bi Verdell aliila polepole, macho ameyafumba, na juisi yake ikamchuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko cha kanzu nyeupe. Ndiyo peke yake iliyomlowesha siku hiyo.